Lori Lililokataa Mlima

Kukilegeza kile kilango cha injini kusingekuwa kazi ngumu. Mafuta ya kulegeza kutu, nyundo ndogo na subira ya asubuhi moja. Kilichoninyima usingizi ni swali jingine: nikikilegeza, nitakuwa nimemtengenezea baba yangu lori, au nitakuwa nimempa kitu cha kumuua, yeye na mtoto wa mtu aliye njiani kwenda shule?

Nililala chali na swali hilo, nikageuka ubavu nalo. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachakaa. Nikituma barua ya kuomba kazi, naisoma tena baada ya kuituma, nikitafuta ni neno gani litakalonikosesha. Lakini safari hii sikuwa najisumbua bure. Nilikuwa nimelipima jambo lenyewe kwa geji.

Baba alikuwa na lori dogo la dizeli, lenye kichwa cha samawati kilichopauka kwa jua na mvua. Alibeba kabeji, viazi na karoti kutoka mashamba ya Tetu akazipeleka soko la Karatina. Siku nyingine aliteremka hadi Wang'uru kuwaletea wenye maduka mchele. Hakuandika mzigo wa mtu yeyote. Kila mwanamke aliyempa magunia alifunga midomo ya magunia hayo kwa uzi wa rangi yake mwenyewe: mmoja uzi mwekundu wa sweta iliyofumuliwa, mwingine kamba ya kijani, mwingine vipande vya leso kuukuu. Baba aliangalia mara moja wakati wa kupakia. Sokoni alishusha bila kuuliza, na wanawake walisema kichwa chake ni ghala.

Mimi ni msichana wa kwanza kwetu, kwa hivyo kwa desturi nilipewa jina la mama mzazi wa baba, ambaye alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Ndiyo maana baba hakuniita kwa jina. Tangu nikiwa mchanga aliniita Maitu, yaani mama. Wageni walicheka kumsikia mwanamume mwenye ndevu akimbembeleza mtoto wa nepi, "Maitu, usinikojolee shati ya kanisa." Nilikua nikiitika mwito huo bila kuufikiria, na mimi hufikiria karibu kila kitu.

Nilimaliza chuo, uhandisi wa mitambo, nikarudi nyumbani Tetu kungojea kazi. Wakati huo ndipo lori lilipoanza kukataa mlima.

Likiwa tupu lilikwenda vizuri. Likiwa na mzigo, kwenye mlima, lilitoa moshi mweusi, likapoteza pumzi, baba akashusha gia hadi akabaki ya kwanza. Punda wenye mikokoteni ya maji walitupita. Tukafika sokoni wakati wanunuzi wa mapema wameshaondoka. Kuna siku nilifuatana naye kumsaidia kushusha, nikasikia jinsi alivyopokewa.

"Guka, leo umekuja na lori ama umeibeba?" mwanamke mmoja mwenye aproni akamwuliza. Guka ni babu, na baba hakuwa na mjukuu.

"Ni mlima," baba akasema. "Gari imekataa mlima."

"Mlima ni ile ile tangu Mungu aiweke! Kabeji yangu ndio imezeeka njiani. Iangalie, imeota ndevu kama yako."

Watu wakacheka, na baba akacheka nao. Akaendelea kushusha. Mwanamke wa uzi mwekundu akaja, akainama, akainuka tena.

"Baba, hizi si zangu. Mimi ni uzi nyekundu. Hizi ni za mama wa leso, kule chini."

Baba akayatazama magunia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni hii gari," akasema. "Ikinitesa njia yote hivi, kichwa inajaa moshi."

"Pole, mzee," wote wakasema. Na mimi nikasema pole. Ilikuwa sababu nzuri, tukaipokea.

Tulipitia gereji mjini Nyeri siku hiyo hiyo. Fundi alisikiliza injini huku anakula muwa. "Tabo imekufa," akasema. "Tafuta ingine."

"Umeifungua?" nikamwuliza.

"Msichana, unafungua maiti ya nini?"

Tulipoingia boma, baba akazima injini, akabaki ameshika usukani. "Maitu," akasema, "wewe si ulisoma mashini? Niangalilie hii gari. Usibadilishe kitu bado. Mimi nataka tu nijue ni nini."

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo nililosomea. Sikujiuliza kwa nini mwenye lori bovu anataka kujua kabla ya kutaka litengenezwe.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Tabo ni feni ndogo ya chuma. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha kwa nguvu, nayo huisukumia injini hewa zaidi, na hewa hiyo ndiyo inayolipandisha lori mlima likiwa na mzigo. Lakini hewa ikizidi, injini itapasuka. Kwa hivyo ubavuni mwa tabo kuna kilango. Nguvu ikitosha, kikopo kidogo chenye springi husukuma fimbo, fimbo hufungua kilango, na moshi wa ziada hupita kando bila kuigusa feni. Nguvu ikipungua, springi hukirudisha. Kilango kisipofunga, moshi wote hutorokea hapo, feni huzunguka kivivu, na lori huwa kama mzee aliyebeba mwanamume mwenzake mgongoni.

Nilianza na vitu rahisi, kama tulivyofundishwa. Chujio la hewa lilikuwa safi. Chujio la dizeli lilikuwa jipya. Nilipaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira ya hewa, injini ikiwa inanguruma, nikatafuta mapovu. Hapakuwa na povu. Nikatoa mpira wa mbele wa tabo, nikaizungusha feni kwa kidole. Ilizunguka laini, bila kugusa ukuta, bila kuyumba. Maiti ya yule fundi ilikuwa nzima kabisa.

Nikashuku kilango. Mwingine angekifungua siku hiyo hiyo. Mimi nikaanza kufikiria kwamba labda si kilango, labda ni nozeli za kupulizia dizeli, labda nitakosea mbele ya baba. Nikarudi gereji kuazima geji ya kupimia msukumo wa hewa.

"Chukua," fundi akasema. "Ukigundua ni tabo, usirudi kuniambia. Mimi najua tayari."

Niliunga geji kwenye bomba la hewa kwa mpira mrefu, nikaupitisha dirishani, nikakaa kando ya baba na geji mapajani. Tulikuwa tunaenda Wang'uru kuchukua mchele. Nilikuwa sijafanya naye safari ndefu hivyo tangu nilipokuwa shule ya upili, siku alizokuwa akinifundisha kuendesha na kunigonga vidole nikishika gia vibaya.

Kuteremka hakukuwa na neno. Tulipakia mchele, tukaanza kurudi, na pale kwenye tambarare ya Mwea, mpunga pande zote mbili, ndipo jambo lilipoanza kunikera. Sindano ya geji ilikuwa chini, kama inavyopaswa kuwa. Kwenye barabara tambarare tabo haina kazi kubwa. Lori halihitaji pumzi nyingi pale. Hata tabo ikifa kabisa, pale litakwenda. Sisi tulikuwa tunakwenda kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka barabarani. Baba alikuwa amejikunja mbele, akisoma kila kibao.

Tukafika njia panda aliyokuwa akiipita tangu kabla sijazaliwa. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, na hakuwa anatazama magari. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, dereva akatoa kichwa.

"Wewe mzee! Unangoja upewe nauli?"

"Kulia," nikasema, bila kukusudia, kama mtu anayemtajia mwenzake neno lililokwama mdomoni.

Akapinda kulia. "Najua," akasema.

Nikajiambia amechoka. Nikarudisha macho kwenye geji, kwa sababu tulikuwa tumefika Sagana na mlima unaanza. Sindano ikapanda vizuri, ikafika pale inapotakiwa, kisha injini ilipopata joto ikaanguka ghafla, kama imekatwa. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Baba akashusha gia, akashusha tena. Sindano haikuinuka. Mara ikainuka kidogo, ikaanguka. Ni kilango, nikasema moyoni, kinafunguka kikipata joto na hakirudi. Sikuyaondoa macho kwenye geji ile. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa, nikawa naisikiliza injini tu, nikangoja kila mpando niione sindano ikianguka tena.

Nilipoinua macho, hatukuwa kwenye barabara kuu. Tulikuwa kwenye njia ya udongo mwekundu wa murami, mashamba ya kahawa juu na chini. Baba akasimamisha lori mbele ya lango la kiwanda cha kahawa. Msimu ulikuwa haujafika. Lango lilikuwa na kufuli, na meza za kuanikia zilikuwa tupu.

"Maitu," akasema kwa sauti ya upole, "shuka ukae kwa kivuli. Foleni ni refu leo."

Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na mtu.

"Baba, tunapeleka mchele Karatina."

"Mkanda imekukata tena. Si nilikuambia kahawa nitabeba mimi?"

Akanyoosha mkono, akanigusa kwenye paji la uso, taratibu, kidole gumba kikitoka upande mmoja hadi wa pili. Nikaelewa anatafuta nini. Wanawake wa zamani wa kwetu walibeba mizigo mgongoni kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, na mkanda ule uliwaachia mfereji ambao haukuondoka hata uzeeni. Nimeuona kwenye picha ya nyanya, ile moja tuliyo nayo. Baba alikuwa anautafuta mfereji wa mama yake kwenye uso wangu.

Hakuupata. Kidole kikarudi, kikapita tena, kikasimama. Nikaona macho yake yakianza kuogopa. Akatoa mkono, akautazama kana kwamba umemdanganya.

Akageukia usukani. "Hii gari," akasema. "Imetuleta wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Imechemka, Baba. Ulitafuta mahali pa kuipoesha."

"Eeh," akasema. "Imechemka."

Tukakaa pale tukiipoesha injini, na mimi nikawa nahesabu moyoni ni mara ngapi mwaka huo ameniita Maitu na nikaitika, na sikujua anayeitwa ni nani.

Kesho yake niliinua kichwa cha lori, nikaichomoa fimbo kwenye kilango. Nikakipa kikopo hewa kwa pampu ya baiskeli: fimbo ikatoka, nikaacha, ikarudi. Kikopo kilikuwa kizima. Kisha nikashika mkono wa kilango chenyewe, nikajaribu kukifunga kwa vidole. Kilikuwa kimekwama nusu wazi. Kutu na masizi vilikuwa vimekishika kwenye ekseli yake, kikawa kinafunguka kwa nguvu ya moshi na springi haikuweza kukirudisha. Ndio huo ugonjwa wote. Kitu kidogo kama sarafu.

Niliinama pale nikiwa na jibu mkononi, na sikulitaka. Geji ilikuwa imeniambia mambo mawili. Kilango kilikuwa kinalichelewesha lori mlimani. Lakini kilango hakiwezi kumchelewesha mtu kwenye tambarare, wala kumpeleka kiwandani msimu umefungwa, wala kumpa mama wa uzi mwekundu magunia ya mama wa leso.

"Umepata?" baba akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, mlangoni.

"Bado natafuta," nikasema, nikairudisha fimbo mahali pake.

Akatikisa kichwa polepole. Hakuonekana kusikitika.

Mama nilimkuta jikoni akimenya viazi. Nilimweleza yote, kiwanda, mkono, paji la uso. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza, akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka.

"Unakumbuka ule mguu wake uliofura?" akasema.

"Aligongwa na mlango wa nyuma wa lori."

"Ni ng'ombe. Alimkamua asubuhi, akatoka, akarudi kumkamua tena. Ng'ombe akamwambia hana kitu. Akaendelea. Ng'ombe akampiga teke." Alicheka kidogo, na kicheko hakikukaa usoni. "Mimi ndio nilimwambia aseme ni lori."

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Wewe unataka kupima kila kitu. Nilijua tu." Akachukua kiazi kingine. "Na hiyo kilango yako, unaweza itengeneza?"

"Naweza."

"Lori ikipona, sasa tutasema ni nini?"

Nikashika kisu nikamsaidia kumenya.

Siku zilizofuata nilitafuta njia isiyokuwapo. Nifiche kuwa nimeipata shida, lori libaki dhaifu, baba aende polepole na asiende mbali? Lakini lori dhaifu hukataa mlima tu. Likiteremka na tani za kabeji halina udhaifu wowote, na pale linahitaji mtu anayejua yuko wapi. Nimwambie lori limekufa, aliuze? Huo ungekuwa uongo, na ungekuwa jibu langu la kwanza kwa swali la kwanza aliloniuliza kwa elimu yangu. Tena ningemnyima kitu kilichomfanya aamke asubuhi. Nilitengeneze ninyamaze? Nilijibu swali moja, likazaa mengine. Usiku nililala nikisikia kikohozi chake ng'ambo ya ukuta, nikajiuliza kama na yeye yuko macho, na kama anafikiria lile lile.

Wakati mimi bado "natafuta", akaenda Karatina peke yake na mzigo. Akarudi jioni kioo cha upande wa kushoto kikiwa kimeng'olewa, kinaning'inia kwa waya. Upande wa kushoto ndio wa watembea kwa miguu. Huko ndiko watoto hutembea wakitoka shule, wakisukumana.

"Baba, umegonga nini?"

Akakitazama kioo kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ambayo hakualikwa. "Sijagonga kitu."

"Na hii?"

"Ni hii gari," akasema.

Nililizunguka lori lote nikitafuta uzi wa nguo, damu, kitu chochote. Nikapata rangi nyeupe ya nguzo. Nikakaa chini kwenye majani. Ilikuwa nguzo. Safari ile, ilikuwa nguzo.

Asubuhi nilimwaga mafuta ya kutu kwenye ekseli ya kilango, nikangoja, nikaigonga kwa nyundo ndogo, nikamwaga tena. Mkono ukasogea kidogo, kisha zaidi. Nikausukuma na kuuvuta hadi ukawa unakwenda na kurudi bila kukwaruza, kilango kikigonga chuma chenzake kwa sauti safi. Nikaunga fimbo, nikairekebisha ikaze kidogo, nikashusha kichwa cha lori. Majirani walikuja wakapakia kabeji za soko. Nilipowasha injini na kukanyaga mafuta, tabo ikapiga mluzi ambao hatukuwa tumeusikia kwa muda mrefu. Baba akatoka nje na kikombe cha chai mkononi, uso umefunguka.

"Maitu! Umepata!"

Nikazima injini, nikachukua ufunguo, nikashuka. Mama akatoka jikoni, akasimama nyuma yake.

Nikamweleza. Alisikiliza kama dereva: akauliza ni kwa nini kilikuwa kinaanza kukwama injini ikipata joto, akauliza kama kitakwama tena, akauliza kikopo kina umri gani. Maswali mazuri yote. Kisha akazungusha chai kwenye kikombe.

"Hiyo kilango," akasema. "Ikikaa wazi, moshi si inaweza rudi huku ndani? Si inaweza fanya mtu... apotee njia yake?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo. Mimi ningekosaje kulifikiria? Moshi wa injini ukiingia mahali anapokaa dereva humvuruga kichwa. Nilikuwa nimekagua kila kiungo cha bomba, nimelala chini ya lori na maji ya sabuni, nimeinua mikeka, nimetafuta tundu, hata moja. Sijawahi kutafuta ubovu kwa bidii ile. Nilitaka uwepo.

"Hapana, Baba. Moshi hauingii ndani."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akainamisha kichwa. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu chake na hakuihisi.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

Ndipo nilipoelewa alichoniomba siku ile akiwa ameshika usukani. Hakuwa ameniomba nilitengeneze lori. Alikuwa ameniomba nimwambie ni lori.

Mama akakichukua kikombe mkononi mwake. "Tutaenda hospitali Nyeri," akamwambia. "Wewe na mimi. Tusikie watasema nini."

Baba akaninyooshea mkono. "Leta funguo. Watu wanangoja kabeji."

"Hapana, Baba."

"Hii ni lori yangu."

"Ni yako. Lakini leo naendesha mimi. Na kesho."

"Mimi nimeendesha hii barabara kabla uzaliwe!"

"Najua."

"Nilikusomesha ndio uje uniketishe jikoni na viazi?"

Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho, na jirani mmoja aliyekuwa bado anafunga kamba akajifanya hasikii. Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga kwa siku hizo zote, mengine ya maana kabisa. Hakuna hata moja lililokuja. Nikatia ufunguo mfukoni mwa koti, nikasimama pale nikilia, na sikuutoa.

Baba akaniacha nimesimama, akaenda nyuma ya lori. Akazunguka akivuta kamba za turubai moja moja. Akafika kwenye fundo nililofunga mimi, akalifungua, akalifunga upya, akaweka mguu kwenye gurudumu akavuta kwa uzito wa mwili wake wote. Alipomaliza, akafuta mikono kwenye suruali, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Nenda," mama akasema. "Jua linawaka."

Nikapanda. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Nikakivuta mbele, nikakisikia kikiingia mahali pake. Nikawasha injini, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikatoka langoni na kabeji za watu.